Seti ya tatuu ya shilingi 8,500: mashine chukua, wino tupa

Nimeitumia seti hii miezi minne, karibu kila usiku nikishafunga kibanda changu cha kuandika mabango hapa Kisauni, Mombasa. Nataka tatuu za manga, ile michoro ya katuni za Kijapani, ziwe ndizo kazi yangu, kwa hiyo naipima kwa hizo. Anayetaka kuchora waridi na majina ya watoto pengine ataridhika nayo kuliko mimi.

Ilifika na basi la usiku kutoka Nairobi: mashine ya umbo la kalamu, katriji 20 za sindano, chupa 7 za wino, karatasi za stensili za kuhamishia mchoro kwenye ngozi, na vipande 5 vya ngozi bandia ya kufanyia mazoezi.

Mashine imezidi bei yake. Nikiiweka volti 7 na nusu inatulia mkononi na mstari unatoka safi, na mstari ndio manga yenyewe. Mwenye rangi ana pa kufichia kosa. Huku ni nyeusi na nyeupe, unywele mmoja ukiyumba sura nzima imekwenda. Kilichonitoa jasho ni ile mistari ya kasi, inayoanza nene na kuishia kama uzi. Kwenye karatasi unainua nibu tu. Kwenye ngozi unainua sindano mkono ungali unakimbia. Ukisita, mwisho wa mstari unabaki kinundu kama kichwa cha kiberiti. Vipande vitatu nilivimaliza kwa mistari hiyo tu. Katriji za 3RL, zenye sindano tatu zilizofungwa duara kwa ajili ya mistari, zilinifaa. Kati ya zile nene, mbili nilizikuta na ncha zimepinda, kwa hiyo zikagueni kwa kamera ya simu kabla ya kuanza.

Ngozi bandia yenyewe ni nyembamba mno. Sindano ilipita ikachimba meza, na meza ni ya mama mwenye nyumba. Alipokuja kuangalia hasara akakishika kile kipande kwa kucha mbili.

“Mwanangu, hii si ya nguruwe?”

“La, mama, ni silikoni.”

“Basi mbona yanuka?”

Kweli inanuka, kama ndala mpya. Wino nao unang'ang'ania juu usipopaka mafuta ya mgando kabla ya kupangusa, na stensili ikikosa robo saa ya kukauka inafutika yote.

Hayo nayasamehe. Nisilolisamehe ni kwamba vipande vyote vitano ni vya rangi ya unga wa ngano, na hakuna mteja wa hapa mwenye ngozi hiyo. Juu yake kila kivuli cha kijivu kinapendeza, ukajiona fundi. Nikajichora pajani kwa wino mwingine, wa chupa yenye lakiri. Baada ya wiki sita, kijivu chote kimemezwa. Wino unakaa chini, weusi wa ngozi uko juu yake, kwa hiyo unautazama kama kupitia kioo cha giza. Ikabidi vivuli nivirudie kwa nukta nyeusi tupu, za karibu pa giza na za mbali pa mwanga, kama wafanyavyo wachapaji wa manga. Hizo zimebaki.

Na jicho! Ile nuru ndani ya mboni, ambayo kwenye karatasi ni weupe ulioachwa, mimi naiacha ngozi yangu mwenyewe. Kwenye kipande cha rangi ya unga niliiacha ndogo kama punje ya mtama ikatosha. Pajani, kwa udogo huo huo, ilizama. Sasa naiacha kubwa mara mbili na kuizungushia weusi mzito.

Wino wa seti sikuujaribu kwa mtu. Chupa hazina tarehe ya mwisho, hazina namba ya toleo, wala jina la aliyeutengeneza. Niliutumia kwenye silikoni, uliobaki nikaumwaga.

Mashine naipa nne kwa tano, ngozi moja. Nimeshaagiza vipande vya kahawia vya milimita 3, vinauzwa peke yake, na safari hii nimetandika ubao juu ya meza.