Kumfuata dada Muscat: treni au ndege hadi Dar?

Dada yangu anafanya kazi Muscat, na kutoka Kigoma lazima kwanza nifike Dar es Salaam. Ndege ni saa chache tu, ila nauli inauma na mzigo unapimwa kilo kwa kilo.

Treni ya Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inakata zaidi ya kilomita 1,200. Mgongo unachoka, lakini ndiyo ninayoichagua: dagaa wa Kigoma, niliowafunga nailoni mara tatu harufu isitoke, wanakaa miguuni pangu, na Tabora nashuka kununua asali. Dada ameomba dagaa hao tangu Ramadhani.

Treni huchelewa, kwa hiyo naacha siku mbili Dar kabla ya safari ya Muscat. Dada angekuwa mgonjwa, ningepanda ndege bila kuuliza bei.