Unanunua kamera ya vlogu za safari? Ulizia manyoya kwanza

Malalamiko ninayopokea kuhusu vifaa vya kurekodi safari karibu yote ni wimbo mmoja. Mtu kajichanga, kakata tiketi ya Istanbul, kapanda feri ya Bosphorus, kasimama kwenye sitaha shakwe wakimzunguka, kaongea weee mpaka koo limekauka. Usiku hotelini anafungua video: picha safi, minara ya misikiti unaihesabu mmoja mmoja, ila sauti yake haipo. Kinachosikika ni mfuko wa nailoni unaopigwapigwa na upepo mwanzo hadi mwisho. Ndipo ananiandikia: dada, hii kamera wameniuzia mbovu?

Kamera nzima kabisa. Imetoka nje bila nguo, basi.

Nguo yenyewe ni manyoya, kile kikofia chenye nywele ndefu kinachovikwa maiki. Upepo ukiipiga maiki tupu, hewa inajikunja na kuzunguka pale pale kwenye tundu lake, na ule utando mwembamba wa ndani unasukumwa kwa nguvu ambayo sauti yako haina. Unapata mngurumo. Mngurumo ukizidi kiwango, maneno yako yamekatika na hakuna programu ya kuyarudisha, hata ile unayoilipia kila mwezi. Manyoya yanaivunja kasi ya upepo kabla haujafika kwenye tundu. Sponji nyeusi nayo ina kazi yake, inapunguza zile pumzi za herufi P na B ukiwa ndani ya chumba, ila peleka sponji Paje kusi likiwa limechachamaa uone. Ni pambo.

Halafu kuna kile kipengele cha kupunguza upepo kwenye menyu ya kamera. Sony wanacho, DJI, ile kampuni ya kamera na droni ya China, wanacho. Mara nyingi kinachofanyika ni kukata sauti nzito, na unaishia kusikika umejifungia ndani ya pipa. Kiwashe kama huna namna, lakini usikihesabu kuwa kinga.

Kwa hiyo leo sigusi megapikseli, wala 4K dhidi ya 8K, wala rangi. YouTube imejaa vijana wanaoifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi. Mtazamaji wako anakuangalia kwenye simu, kashusha ubora wa picha ili bando lifike jioni. Hizo 4K zako hazioni. Upepo atausikia hata kwenye 144p.

Na sisi wasafiri tunaufuata upepo wenyewe. Cape Town wakati wa kiangazi chao, ule upepo wa kusini-mashariki unakupokonya kofia kichwani. Ukienda Ziwa Turkana upande wa Loiyangalani, utapita kwenye mitambo 365 ya umeme wa upepo, na hawakuisimika pale kwa urembo. Forodhani jioni, juu ya boti, dirishani kwenye basi, kileleni: kila mahali unapotaka kusema «jamani, angalieni hapa nilipo» pana upepo.

Casey Neistat, yule Mmarekani wa YouTube, alipoanza kutoa vlogu za kila siku mwaka 2015, dunia nzima ilikariri kamera yake ya Canon na ile stendi yenye miguu inayopinda. Watu wakanunua kamera, wakanunua stendi. Maiki ya Rode iliyokaa juu yake wakaiacha dukani.

Maswali yangu ni matatu tu. Manyoya yamo ndani ya boksi? Yanashika, au yanaponyoka ukigusana na mkanda wa begi? Yakipotea, unaweza kununua mengine peke yake? Kwa maswali hayo, mpangilio wangu ni huu.

Namba moja: DJI Osmo Pocket 3, lakini seti ya Creator Combo

Niseme wazi, mimi ni mtu wa DJI na sioni haya. Hawanilipi, hawanijui.

Pocket 3 ilitoka Oktoba 2023. Ina gramu 179, inaingia kwenye pochi ya mkononi, kichwa chake kimekaa juu ya gimbali ya kweli, yaani mota zinazoituliza kamera, kwa hiyo unatembea na picha haitikisiki. Kioo cha inchi 2 ukikizungusha, inawaka. Kuna sehemu nyingi ambako ukitoa kamera kubwa askari anakuja kuuliza wewe ni wa televisheni gani. Hii wanadhani ni kifaa cha kupimia joto.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Inauzwa kwa seti tofauti. Seti ya kawaida ina kamera yenye maiki tatu ndani ya mwili wake na haina manyoya yoyote. Creator Combo inakuja na maiki isiyo na waya ya DJI Mic 2, kipande cha kubandika shatini, manyoya yake, sumaku, stendi ndogo na mpini wenye betri ya ziada. Kile kipande kinaongea na kamera moja kwa moja, hakihitaji kipokezi cha kuchomeka. Tena kinaweza kuhifadhi sauti ndani yake chenyewe, ina maana kamera ikiharibu sauti bado unayo nakala. Wakati inazinduliwa Marekani seti ya kawaida ilikuwa dola 519 na Combo dola 669. Mliopo kule mnajua bei ilivyopanda mwaka 2025 na habari za ushuru. Tofauti ile kati ya seti mbili ndiyo hela ya sauti yako. Anayekuambia «chukua ya kawaida, maiki utanunua baadaye» ana stoku ya kawaida imemlalia.

Sumaku naisifia kwa sababu nyingine. Sisi tunaovaa ushungi tunajua maiki ikikaa chini ya kitambaa inasugua, kwarakwara mpaka mwisho. Kwa sumaku unaibandika juu ya mtandio, manyoya yakiwa nje, kipande cha pili cha sumaku kikiwa ndani. Hakuna pini, hakuna tundu kwenye nguo mpya.

Kasoro: haipendi maji na haipendi mchanga. Ufukweni iweke ndani ya mfuko mpaka dakika ya kuongea. Betri inajaa haraka, asilimia 80 kwa dakika 16 ukiwa na chaja yenye nguvu.

Namba mbili: simu uliyonayo na DJI Mic Mini

Kama simu yako inapiga picha nzuri, usinunue kamera. Nunua hii. Kipande cha shatini kina gramu 10, hata dera jepesi halivutwi chini, na manyoya yamo ndani ya boksi. Ilitoka Novemba 2024. Tofauti na Mic 2, hii haihifadhi sauti ndani yake, kwa hiyo mawasiliano na simu yakikatika hakuna nakala. Angalia tundu la simu yako kabla hujalipa: iPhone 15 kuendelea ni USB-C, za nyuma yake ni Lightning na adapta yake unainunua peke yake. Nusu ya wanaoniandikia kwamba «maiki haisomi» wana adapta isiyo yake.

Nikiambiwa nimshauri binti anayeanza leo, mwenye simu ya maana na safari moja ya Kigali mbele yake, namba mbili inageuka namba moja. Pocket 3 ni ya yule ambaye simu yake ikiwa kwenye stendi anakosa ramani, anakosa tiketi, anakosa kumpigia dereva.

Namba tatu: Sony ZV-1 na ZV-1F

Hawa nawapa heshima. ZV-1 ilipotoka 2020 manyoya yalikuwa ndani ya boksi, yamepimwa kwa ajili ya kamera ile ile, unayachomeka kwenye reli ya juu yanaifunika maiki sawasawa. Kampuni iliyokaa ikafikiria upepo! Kwa hilo tu iko kwenye orodha. Ila yakikaa pale reli imeshachukuliwa, taa huweki. Na ukiishika kwa urefu wa mkono, uso wako unajaza picha yote, Istanbul inabaki masikioni. ZV-1F inaona pana zaidi, ina USB-C na ilizinduliwa kwa dola 499. Kati ya hizi mbili, kwa safari, chukua hiyo. Hazina gimbali, kwa hiyo jifunze kutembea polepole.

Namba nne: kamera za vituko

GoPro na wenzake ni za kuzama Mnemba, kuteleza, kufunga kwenye helmeti ya bodaboda. GoPro inastahimili maji ya mita 10 bila kava, Osmo Action 5 Pro ya DJI mita 20. Kwa kuongea, GoPro haina tundu la maiki mpaka ununue kifaa cha nyongeza, na nyongeza yenyewe inakuja na sponji. Action 5 Pro inapokea maiki za DJI moja kwa moja. Mnaniona naegemea wapi.

Za bei ya chini

K8, K9 na ndugu zao, zile maiki ndogo za shatini zisizo na waya zinazomwagwa chini Kariakoo na Luthuli ya Nairobi: za kurekodi ndani ya chumba, dirisha limefungwa. BOYA BY-M1 yenye waya wa mita 6 ni ya heshima kwa bei yake, lakini ina sponji. Tuendelee.

Jaribio la feni

Usikubali kupimiwa maiki ndani ya duka lililotulia, muuzaji akisema «haloo haloo, umesikia?» Mwombe awashe feni mpaka mwisho. Simama mbele yake, rekodi nusu dakika bila manyoya, nusu dakika ukiwa nayo, halafu sikiliza kwa hedifoni zako mwenyewe, siyo spika ya simu. Baada ya hapo vuta manyoya taratibu kwa vidole viwili. Yakitoka kirahisi, yatabaki kwenye kiti cha basi. Wauzaji wanachukia jaribio hili, wananuna, wanasema wateja wengine wanasubiri. Wasubiri.

Na kagua boksi mbele yake, kipande kwa kipande. Kuna mchezo umezidi: boksi linafunguliwa «kuhakiki mzigo», manyoya yanatolewa, kisha yanauzwa kwenye kabati la pembeni kama bidhaa nyingine. Unanunua kilichokuwa chako. Kwa Pocket 3 kuna ishara nyingine: ikiwa mpya kweli, mara ya kwanza itakudai uiunganishe na programu ya DJI Mimo (wenye Android mnaishusha kwenye tovuti ya DJI). Ikiwaka moja kwa moja bila kudai chochote, mtu ameshaitumia, hata kama plastiki ya juu inang'aa.

Mkishanunua, yatunzeni. Manyoya yakilowa hayazuii kitu. Yafueni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, yaanikeni kivulini, kisha yachaneni kwa kitana mpaka nywele zisimame. Yaliyogandamana ni sponji yenye nywele.

Sasa hili la bei linanikera kupita yote. Unaona tangazo la manyoya peke yake, picha kumi, muziki, maneno «mzigo mpya umeingia», na chini yake: bei inbox. Kitu kisichofika ukubwa wa ndimu! Ukienda huko inbox unaulizwa uko wapi, unafanya kazi gani, unatumia kamera gani, na ukitaja kamera ya maana bei inapanda. Dada mmoja wa Mombasa aliuliza kwa namba zake mbili duka lile lile asubuhi moja, akapewa bei mbili. Deira, kule Dubai, unaweza kubishana na mwenye duka lakini bei umeiona kwenye kibandiko kwanza. Hapa kwetu mtu anaficha bei ya nywele. Duka lolote litakaloandika hadharani bei ya manyoya ya Mic Mini na ya Mic 2, rejareja, VAT ikiwa ndani, nitalitaja hapa bila kudai hata shilingi, na nitaagiza jozi mbili siku hiyo hiyo.