TAHADHARI: Muuza majiko madogo ya gesi ya kambi amerudi na jina jipya, msimtumie hela

Wakuu habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, maana hapa sio habari ya kupigwa hela tu, hapa mtu angeweza kufa na bado anaweza kufa.

Kuna jamaa anauza mtandaoni yale majiko madogo ya gesi ya kwenda nayo porini, yale yanakunjwa yanaingia mfukoni, ukifika unafunga juu ya kopo la gesi la nyuzi, lile la kuzungusha kama skrubu, unachemsha maji yako ya chai au ya kunywa. Mwezi wa sita nilinunua kwake. Nilivyomlalamikia akanibloku na peji yake ikapotea, nikajua ndio basi. Sasa juzi binamu yangu kanitumia peji nyingine kabisa, jina lingine, nembo nyingine, ila picha ni zilezile, meza ileile yenye kigae kilichopasuka kwenye kona, na watu wanauliza bei huko chini. Ndio maana naandika leo.

Mimi niko Tanga. Tulikuwa tunajipanga watu wanne kutembea Lushoto mpaka Mtae mwezi wa saba, na huko juu mwezi wa saba baridi inauma kweli, maji ya moto asubuhi sio anasa. Kuni hatukutaka kuhangaika nazo na msituni huwezi kuokota okota tu. Nikatafuta jiko jepesi nikakuta tangazo lake: jiko gramu 25, linachemsha lita moja ya maji kwa dakika moja, pamoja na makopo mawili ya gesi ya gramu 230, jumla sh. 135,000, mzigo unatumwa mkoa wowote.

Hapo kwenye dakika moja ndipo ningeshtuka. Nimekuja kulipigia hesabu baadaye na fundi mmoja wa umeme hapa mtaani. Lita moja ya maji ya nyuzi joto 20 kuifikisha 100 inataka joto la kama kilojuli 335, kulitoa lote ndani ya dakika moja unahitaji jiko la zaidi ya kilowati 5 na nusu na hata tone la joto lisipotee pembeni. Haya majiko ya mfukoni yanatoa kama kilowati 2.5 hadi 3 na sehemu kubwa ya joto inakwenda na upepo. Jiko zuri lenye kopo zuri linakupa lita moja kwa dakika 4 hivi, upepo ukiwepo zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu anayekuambia dakika moja ama hajawahi kuliwasha au anakudanganya, na huyu alikuwa anadanganya.

Nikamuuliza duka liko wapi akasema Kariakoo, nikamwambia nina ndugu yangu Dar anaweza kupita kuchukua, akasema kaka duka liko kwenye ukarabati, kwa sasa tunatuma tu. Nikaomba lipa namba ya duka, akanipa namba ya kawaida. Wakati wa kutuma jina likatokea la mwanamke na yeye ni mwanaume, akasema huyo ndio mhasibu wetu boss wangu usiwe na wasiwasi. Na mimi nikatuma. Kesho yake nikapokea mzigo stendi, umekuja na basi kutoka Mbezi, kwa hiyo utaona sio kwamba hatumi. Anatuma. Shida ni anachotuma.

Kwanza jiko halikuwa lile la kwenye picha. La kwenye picha lilikuwa na shingo ya shaba na kichwa kipana, lililokuja ni jepesi la bati, miguu ya kuwekea sufuria inacheza, na nyuzi za kufungia kwenye kopo zimekatwa vibaya, ukizungusha linaingia mshazari mpaka ulirudishe uanze upya. Kwenye makopo nako, moja jepesi kidogo na lingine zito, ukiyashika mkono huu na huu unasikia kabisa tofauti, na yote yameandikwa gramu 230. Kifuniko cha plastiki cha juu kilikuwa kimevaliwa tu, hakuna kile kizuizi cha kiwandani unachokivunja mara ya kwanza, na pale kwenye koki ya kopo pana mikwaruzo. Nikampigia. Akasema hizo ni tofauti za kampuni, gesi ni ileile. Siku mbili zimebaki tusafiri, nikakubali.

Siku ya tatu ya safari, kati ya Rangwi na Mtae, mama mmoja alituruhusu kusimamisha hema uani kwake. Asubuhi nikatoa jiko nichemshe maji, na watoto wake watatu wakaja kuchuchumaa karibu kuona hilo jiko dogo, nyie mnajua watoto. Nikafunga jiko kwenye lile kopo jepesi nikawasha. Kwanza likawaka vizuri, moto wa bluu, nikaweka sufuria. Haikufika dakika mbili nikasikia mlio shiiii chini ya sufuria na moto wa njano ukatoka pale jiko linapokutana na kopo. Nikaingiza mkono nikafunga koki. Moto wa juu ukazimika, wa chini ukaendelea kuwaka vilevile! Maana gesi ilikuwa inavujia kwenye nyuzi kabla haijafika kwenye koki ya jiko, kwa hiyo ukifunga hujafunga kitu.

Niliwapigia kelele watoto wakimbie, binamu yangu akachukua fimbo yake ya kutembelea akalisukuma jiko na kopo lake mpaka kwenye udongo mtupu mbali na hema na nyumba, ndipo akaungua kifundo cha mkono, malengelenge yametoka na alama anayo mpaka leo. Tukakaa mbali tukaliangalia likiwaka mpaka gesi ikaisha lenyewe. Yule mama alikuwa ameshika watoto wake wote watatu kwa mkono mmoja. Mimi mpaka sasa nikikumbuka alivyowashika nasikia vibaya sana, kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka kitu kile kwenye uwanja wake.

Lilipopoa nikafungua jiko nikaangalia pale ndani ya nyuzi. Inatakiwa kuwe na kiraba cha duara cheusi, mafundi wanakiita oringi, ndicho kinachoziba gesi isitoke. Kulikuwa na kipande tu, robo ya duara, kimekauka kama ganda la mbegu, ukikigusa kwa kucha kinavunjika. Jiko halikuwa jipya. Lilikuwa limetumika na kusuguliwa ling'ae.

Turudi kwenye lile kopo zito. Nilirudi nalo nyumbani, na hapa nashukuru Mungu hatukulifungua. Nikaenda duka la jirani wana mizani ya kidijitali ya kupimia unga na sukari. Kopo lililoungua, tupu, gramu 148. Lile zito gramu 431. Toa moja kwenye nyingine unapata gramu 283 za gesi kwenye kopo la gramu 230. Nikaligeuza chini. Kopo zima la aina hii kitako chake kimebonyea kwenda ndani, kama kitako cha kopo la soda. Hili kitako kilikuwa kimevimba kimetoka nje, ukiliweka mezani linayumba.

Maana yake ni kwamba mtu kaokota kopo tupu akalijaza upya kutoka mtungi wa gesi wa nyumbani, tena akalizidisha. Kopo hili kiwandani huwa wanaacha nafasi juu, kwa sababu gesi ndani ni kimiminika na kikipata joto kinatanuka. Ukilijaza likafika juu hakuna pa kutanukia, bati lenyewe jembamba, na limeandikwa ubavuni kabisa lisijazwe tena. Na kopo hilo lilisafiri kwenye buti ya basi kutoka Dar mpaka Tanga juani, juu yake watu wamekaa na watoto wao. Nikiwaza hilo hasira zinanipanda kuliko hela yangu.

Sisemi kila anayeuza kopo lililofunguliwa ni tapeli, hapana. Moshi na Arusha wageni wakishuka mlima wanaacha makopo yenye gesi nusu kwa sababu kwenye ndege hayaruhusiwi, na wapagazi na waongozaji wanayauza kwa haki kabisa. Kopo la hivyo ni zuri tu, bei yake iwe ya nusu, na ulipime. La gramu 230 likiwa jipya kabisa linasoma kwenye mizani kama gramu 380 pamoja na bati lake, tupu ni kama 150, zinapishana kidogo kwa kampuni. Likisoma zaidi ya 400 usilipeleke nyumbani kwako.

Kwa anayetafuta jiko la namna hii, na najua mpo wengi maana vijana siku hizi wanapanda Hanang na Uluguru kila wikiendi, kwanza lione kwa macho. Angalia oringi, iwe laini na nzima, ukiibonyeza irudi. Lifunge kwenye kopo mbele ya muuzaji, liingie kwa vidole tu bila kulazimisha, halafu paka povu la sabuni pale kwenye maungio kabla ya kuwasha, likitoa mapovu rudisha hapohapo. Uzito usikubabaishe sana, la gramu 25 na la gramu 75 tofauti yake mgongoni huisikii ila la pili mara nyingi lina miguu imara na sufuria ya lita moja haitapinduka. Gesi unayohitaji ni kama gramu 12 hadi 15 kwa lita moja ya maji, sasa hesabu chai zenu. Na kama unakwenda kwenye baridi kali, Kibo au Meru juu, usinunue kopo la butani tupu, ikikaribia nyuzi sifuri ile haitoki, tafuta lenye mchanganyiko wa isobutani na propani. Halafu jamani usiliwashe ndani ya hema lililofungwa, hata jiko zima, hewa yake inaua mtu usingizini. Na usilizungushie bati la upepo pande zote mpaka kopo nalo likafunikwa, linapata joto la kwake lenyewe.

Kuhusu huyu jamaa, dalili zake ni hizi, maana jina atabadilisha tena. Hataki uje dukani, kila siku duka linakarabatiwa. Hela anataka yote kabla na kwa namba binafsi yenye jina tofauti na lake. Ukimwomba video ya jiko likiwaka anakutumia video ya Wazungu ya mtandaoni. Anakuita boss mpaka utume, ukishalalamika anakuita msumbufu. Mimi aliniambia "hujui kutumia, ungesoma maelekezo", wakati hakuna karatasi yoyote ya maelekezo kwenye mzigo, baada ya hapo akanibloku.

Nimeripoti polisi nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, na namba aliyonipigia nimeituma kwa meseji kwenda 15040 ile ya kuripoti matapeli. Wengine mliopigwa naye fanyeni hivyohivyo, risiti ya muamala msifute, karatasi ya mzigo ya basi nayo mtunze maana ndiyo inaonyesha siku na gari lililobeba.

Na kama kuna mtu humu ameagiza kwake na mzigo umeshafika, tafadhali leo hii geuza kopo uangalie kitako. Kikiwa kimevimba usilifunge kwenye jiko, usilitoboe, usijaribu kupunguza gesi mwenyewe, litoe ndani uliweke nje kivulini mbali na jiko na watoto, halafu niandikie hapa chini nikuelekeze nililipeleka wapi la kwangu. Picha ya kitako kilichovimba na ya ile oringi ninazo, nitamtumia yeyote anayetaka kulinganisha.