Dawes Galaxy ya mtumba niliyonunua Mtwara: uzoefu wangu, na kwanini usome namba ya tairi kabla hujatoa hela

Nianze na jibu kwa mwenye haraka: baiskeli ni nzuri, fremu yake ni nzuri kuliko nilivyotegemea, ila tairi zilinitesa miezi miwili mizima, na nisingeteseka kama siku ya kununua ningeinama nikasoma namba iliyoandikwa pembeni ya tairi. Haya, sasa nieleze.

Mi ni mwalimu hapa Mtwara mjini, nimekulia kwenye Phoenix ya baba, ile nyeusi kubwa, imebeba korosho, imebeba maji, imebeba wagonjwa, na mpaka leo naiheshimu sana. Ila ukishaenda nayo kilomita thelathini kwenye lami yenye milima miguu inakuwa mizito kama umefunga mawe. Siku zote nilitamani baiskeli ya safari ndefu, unafunga mzigo nyuma unatoka Mtwara alfajiri unaingia Lindi mchana bado una nguvu.

Mwezi wa nne nikapita kwa jamaa anayeuza baiskeli za mtumba, mzigo ulikuwa umeshushwa juzi yake tu, kumejaa baiskeli za watoto, mauntini, na zile za Kijapani za kikapu mbele. Chini kabisa nikaona usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Nikaivuta. Rangi imechubuka, cheni nyekundu kwa kutu, tairi zimepasuka pasuka, ila ubavuni imeandikwa Dawes Galaxy na kwenye bomba la siti kuna stika imefifia inasomeka Reynolds 531. Hapo moyo ulidunda aisee. Kwa wasiozijua, Dawes ni kampuni ya Birmingham Uingereza, hii Galaxy walianza kuitengeneza 1971 kwa ajili ya safari, na 531 ni chuma maalum cha Reynolds, nao wa Birmingham hukohuko, kilichotoka 1935. Kuta za mabomba yake ni nyembamba katikati na nene kwenye miisho pale yanapoungana, ndo maana fremu inakuwa nyepesi halafu haichoki. Hii yangu ina gia tano nyuma na mbili mbele na zile breki za kuvutwa katikati kwa hiyo naikadiria ya miaka ya 70.

Muuzaji aliniambia 250,000, tukavutana weee mpaka 180,000. Nikamuuliza tairi zake zinapatikana hapa? Akasema kaka hiyo ni 27, na 27 na 28 hazipishani, chukua tairi ya Phoenix utafunga. Nikaamini, nikalipa.

Nikaipeleka kwa fundi wangu, mzee mmoja wa siku nyingi yuko Magomeni chini ya mwembe, wote tunamwita babu fundi. Hakusema kitu, akaigeuza juu chini, akazungusha gurudumu huku kaweka kidole kwenye fremu anasikiliza mtetemo. Mwisho akasema, "Mwalimu, mwili mzima. Viungo ndo vinaumwa." Siku hiyohiyo tukafunga tairi ya Phoenix nyuma ili angalau niijaribu. Iliingia kwa mikono bila hata kutumia spana ya kutolea tairi na hapo tungeshtuka, tairi inayoingia kirahisi hivyo sio saizi yake. Babu akajaza upepo, ilipoanza kuwa ngumu tairi ikatoka ukingoni mwa rimu upande mmoja na tyubu ikapasuka kwa mlio ambao mama muuza mihogo aliyekuwa ng'ambo ya barabara alisimama kabisa. Hakuna aliyeumia namshukuru Mungu, ila babu uso wake ulikuwa pale karibu na sikupenda kabisa, yaani mpaka leo nikikumbuka nasikia vibaya.

Hili la tairi ndo nataka mlielewe vizuri. Hizi 26, 27, 28 ni majina tu, zisikudanganye. Angalia pembeni ya tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, ya pili ndo kipimo cha kweli, ni kipenyo kwa milimita pale tairi inapokaa kwenye rimu. Tairi ya Galaxy ya zamani ni 630. Phoenix ya 28 ni 635, milimita tano tu zaidi lakini ndo hizo zilizotutolea tairi. Nikasema basi nichukue ya zile baiskeli za Kijapani maana nazo zimeandikwa 27, kumbe hiyo ni 609, haiingii hata umwite nani. Mauntini za 26 ni 559. Na baiskeli za gia za kisasa zilizoandikwa 700C ni 622. Nilizunguka maduka yote ya spea ninayoyajua Mtwara, nikampigia mtu Masasi na mwingine Lindi, 630 hakuna. Hata Dar hakuna aliyenijibu kwa uhakika.

Suluhisho lilikuwa kubadili rimu na kuacha habu (kile kitovu cha gurudumu zinakofungwa spoku) zake zilezile. Rimu ya 622 ni ndogo kidogo kuliko 630, ukigawa kwa mbili unapata milimita nne, maana yake raba za breki zinatakiwa kushuka milimita nne tu na breki hizi zina nafasi ndefu ya kushushia, zikafika bila shida. Na tairi za 700 ziko Dar, ziko kwenye mtumba, utapata. Nilipata rimu mbili za matundu 36 kwenye baiskeli iliyokufa fremu kwa 40,000 zote. Kuna kijana alinishauri ninunue gurudumu zima la kisasa la nyuma nibandike, nikakataa kwa sababu habu za kisasa ni pana, fremu ya zamani ya gia tano ina nafasi ya milimita 120 na habu mpya inataka 130 au zaidi, ungelazimika kupanua fremu kwa nguvu. Wapo wanaofanya, chuma kinakubali, ila mi sikutaka kuanza maisha na 531 kwa kuitanua.

Spoku babu alitumia za Phoenix, zilizidi urefu kidogo, kila moja akaisaga ncha kwa tupa ili isitoboe tyubu, spoku 72 zote kwa mkono, halafu juu yake akazungushia utepe wa tyubu ya zamani. Kazi ya siku mbili. Nilikaa nikamwangalia baada ya vipindi, anapiga spoku kwa kucha kama mtu anayelinganisha nyuzi za zeze, inayolia chini anaikaza. Kile kilikuwa kitu kizuri kutazama.

Kizungumkuti kingine bomba la siti, sio lile la fremu, hili linaloshika siti yenyewe. Ni la alminiamu limekaa ndani ya fremu ya chuma miaka arobaini na kitu, limeshikana, babu akasema hivi vimeshaoana. Tukamwagia mafuta ya kulainisha kutu siku nne, hamna kitu. Kijana mmoja akataka kuwasha mtungi wa kuchomelea, nikamzuia, kwanza moto ungeunguza chuma chembamba, pili alminiamu ikipata moto inatanuka kuliko chuma kwa hiyo ingekaza zaidi. Nikafikiria kinyume chake, kama inatanuka zaidi kwenye joto basi kwenye baridi itasinyaa zaidi. Nikaenda feri ya Msangamkuu asubuhi, pale wanapouza samaki, nikanunua barafu ya elfu moja, tukaiponda tukachanganya na chumvi tukaishindilia ndani ya bomba maana lina uwazi. Dakika ishirini hivi. Babu akabana juu kwa spana ya mabomba, vijana wawili wakashika fremu, ikalia kwaa! ikazunguka. Tulishangilia mpaka watu wakadhani Simba kafunga. Siku hizi limepakwa grisi na kila mwezi nalitoa nalirudisha, hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Kwenye katikati ya pedeli babu hakunihitaji. Anajua bakuli la goroli la kulia linafunguka kinyume, kama pedeli ya kushoto. Upande mmoja tulikuta goroli 11 na mwingine 9, kuna mtu Uingereza huko alizidondosha akaona yaishe. Weka 11 za robo inchi kila upande, habu ya nyuma 9 za robo kila upande, ya mbele 10 ndogo za 3/16. Nunua mpya zote, hela yake ndogo, usichanganye na zilizolika, na tafadhali weka grisi, sio ile oili chafu ya injini ya pikipiki ambayo mafundi wengi wanamimina, inakusanya mchanga wetu mweupe inakuwa msasa. Mikono ya pedeli haina kotapini (kile kipini cha kuikaza) kama Phoenix, inataka kifaa chake cha kuvutia. Babu alishaokota nyundo, nikamwomba asubiri, nikaagiza kifaa Dar kikaja na basi, 25,000. Sasa kiko kwake kinawasaidia na wengine.

Siti ni Brooks ya ngozi, nayo ya Birmingham, imeandikwa kampuni ilianza 1866. Kila nikipita Mikindani nikiona lile jengo lenye kibao cha Livingstone, naye alianzia safari yake hapo 1866, nawaza kwamba mwaka uleule kuna watu walikuwa wanaanzisha kampuni iliyokuja kutengeneza siti kama hii ninayoikalia. Ngozi ilikuwa imekauka kama samaki ng'onda. Niliisugua nta ya nyuki na mafuta kidogo, jua la asubuhi tu, wiki mbili, ikalainika. Usiiloweke na usiiache mvuani.

Jumla na rimu, spoku, tairi mbili mpya za 700 x 32, tyubu, cheni, waya, raba za breki na ufundi, imenila kama 445,000 pamoja na bei ya kununulia. Sio hela ndogo kwa mshahara wangu. Tukaipima kwenye mizani ya korosho, kilo 13 bila keria. Ya baba na keria yake ilisoma 22. Keria usichomelee, hizi zina matundu yake nyuma ya kufungia kwa bolti, keria na madigadi, hiyo ndo alama ya baiskeli ya safari.

Mwezi wa saba nikaondoka. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mzigo kilo nane, Mikindani nimefika jua linachomoza kwenye ghuba. Gia hazibofyi kama za kisasa, vishikio viko kwenye bomba la fremu na unaitafuta gia kwa sikio, ikiacha kukwaruza umeipata, siku ya kwanza inachanganya ya pili unaipenda. Upepo wa kusi ulikuwa mgongoni, milima ya kuelekea Mpapura nilipanda nimekaa, kwenye Phoenix pale huwa nashuka nakokota. Malori ya makaa ya mawe ndo shida ya barabara hii, yakija mawili yanapishana toka kabisa pembeni ya lami usibishane. Mnazi Mmoja nikala chapati na chai, nikakata kulia, na pale mashamba ya chumvi yalipoanza kuonekana nikajua nimefika. Lindi saa saba mchana. Zaidi ya kilomita mia moja, pancha hamna.

Kurudi siku ya pili yake ndo nilijua kusi ni nini. Upepo usoni njia nzima, nimeshika pembe za chini za usukani nimeinama, nilitumia karibu masaa mawili zaidi. Hapo usukani huo unajilipa. Kasoro niliyoiona ni gia, ya chini kabisa bado ni nzito, Lindi inatosha ila nikitaka kupanda Newala na mzigo nitahitaji friwili (zile gia za nyuma) yenye gia kubwa zaidi, ya meno mengi.

Jumatatu nikampelekea babu. Akainyanyua nyuma, akazungusha, akaweka kidole. Rimu ilikuwa imecheza kama milimita mbili, spoku mpya zikikaa vizuri kwa mara ya kwanza huwa zinalegea. Akakaza nne, akapiga kwa kucha, akasikiliza. Elfu mbili. Halafu akaniuliza Lindi samaki bei gani siku hizi.