Tahadhari: safari ya siku moja kwa ndege kutoka Mwanza hadi Maporomoko ya Victoria

Naandika tahadhari hii kwa wakazi wa Mwanza na kwa ndugu zetu wa Sengerema, Ukerewe, Magu, Geita na Musoma, kwa sababu tangazo lililotuponza sisi mwezi Julai limeanza kusambaa tena kwenye makundi ya simu tangu wiki iliyopita, likiwa na jina jipya la kampuni na namba mpya ya simu, ila picha ni ileile na maneno ni yaleyale. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wastaafu kumi na wanne hapa Nyakato, na fedha iliyopotea, yaani shilingi 4,900,000, niliituma mimi mwenyewe kwa simu yangu. Sitamtaja aliyetuuzia wala kampuni aliyojiita, kwa kuwa shauri liko polisi. Nitaeleza jinsi anavyofanya kazi, ili anayekutana naye amtambue hata akija kwa jina la tatu.

Tangazo linasema hivi: kuondoka uwanja wa ndege wa Mwanza saa kumi na mbili asubuhi tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, kwa ndege maalumu ya kukodi, kushinda kwenye Maporomoko ya Victoria, chakula cha mchana ukingoni mwa mto, na kurejea Mwanza saa mbili usiku wa siku hiyohiyo. Bei ni shilingi 850,000 kwa mtu, kianzio 350,000. Kwa mzee aliyefundisha au kuuguza wagonjwa miaka thelathini na tano bila kupanda ndege hata mara moja, bei hiyo ni kubwa lakini inafikika, na ndiyo maana imepangwa hivyo. Ingekuwa laki moja tungecheka, na ingekuwa milioni nne tungepita.

Kilichotuvuta zaidi ni jina. Sisi tumezaliwa na kuzeekea kando ya Ziwa Victoria, na mtu anapokutajia Maporomoko ya Victoria, akili inakwenda yenyewe kwamba ni kitu cha jirani, pengine upande wa Uganda, pengine nyuma ya Bukoba. Muuzaji analijua hilo vizuri. Siku tulipomtembelea ofisini alituamkia mmoja mmoja kwa adabu, akatuita wazazi wake, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa siri: "Wazee wangu, mtakwenda kuona mahali maji ya ziwa letu yanapoangukia." Mama mmoja katika kikundi chetu alitokwa na machozi kwa maneno hayo. Ni uongo mtupu. Maji ya Ziwa Victoria yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Nile pale Jinja, Uganda, na safari yake inaishia Bahari ya Mediterania. Maporomoko ya Victoria yako kwenye Mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, na maji yake yanamwagika Bahari ya Hindi kupitia Msumbiji. Kinachoviunganisha vitu hivi viwili ni malkia wa Uingereza tu: David Livingstone aliyapa maporomoko jina lake mwaka 1855, na John Speke akalipa ziwa jina hilohilo baada ya kufika mwambao wetu huu wa kusini mwaka 1858. Wenyeji wa kule wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na Mswahili hahitaji mkalimani kuelewa nusu ya jina hilo.

Aliyetufumbua macho ni mwenzetu mmoja aliyefundisha jiografia sekondari. Wakati tunalipa yeye alikuwa Ukerewe kwenye msiba wa shemeji yake, na mchango wake tulimlipia kutoka kwenye mfuko wa kikundi ili asikose nafasi. Aliporudi, nikamwonyesha tangazo kwa furaha. Hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na atlasi ya shule iliyokatika jalada na rula ya mbao, akaiweka rula juu ya ramani kutoka Mwanza hadi mji wa Livingstone, ule wa Zambia ulio jirani na maporomoko, akapiga hesabu ya kipimo nyuma ya bahasha ya matanga, kisha akaniuliza: "Mweka hazina, unaifahamu reli ya TAZARA?" Nikamwambia naifahamu. Akasema reli hiyo, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina kilomita 1,860, na mstari mnyoofu wa angani kutoka hapa tulipokaa hadi kwenye maporomoko ni takribani kilomita 1,870. Akaufunga ule ukurasa taratibu kama mtu anayefunika maiti.

Naomba msomaji aifuate hesabu hiyo, kwa sababu yenyewe peke yake inatosha kulitupa tangazo kapuni. Ndege tuliyoonyeshwa kwenye picha, iliyoegeshwa kwenye kiwanja cha vumbi, ni Cessna Caravan, ndege ya injini moja ambayo wengi wetu huiona ikipeleka watalii Serengeti. Mwendo wake ni kama kilomita 340 kwa saa. Kwa mwendo huo, kwenda peke yake ni saa tano na nusu, na kwenda na kurudi ni saa kumi na moja angani. Ikiwa imejaa abiria haiwezi kubeba mafuta ya masafa hayo yote, kwa hiyo lazima itue njiani kujaza, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Ongeza kugonga mihuri ya Uhamiaji na kupita Forodha wakati wa kutoka Tanzania, wakati wa kuingia Zambia, na tena kinyume chake. Ongeza gari kutoka kiwanja cha ndege cha Livingstone hadi kwenye maporomoko yenyewe. Tangazo linatoa saa kumi na nne kwa yote hayo, na bado linaahidi kushinda huko na kula mchana. Kwa rubani, ambaye kisheria ana ukomo wa saa za kuruka kwa siku, ratiba hiyo ni ya kumchinja.

Tulipompigia muuzaji simu na kumsomea hesabu hii, hakutetereka. Alijibu kwamba wazee tumesahau kuwa saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo tunapata "saa ya bure". Kwamba saa za Zambia ziko nyuma ni kweli. Lakini saa unayoipata asubuhi unairudisha jioni, na ndege haisafiri kwa saa ya ukutani. Nakiri kwamba kwa dakika chache jibu hilo lilinituliza. Mtu akishalipa hutamani sana kuamini.

Kulikuwa na dalili nyingine ambazo tungeziona mapema kama tungetaka kuziona. Hakuna aliyetuuliza pasipoti. Muuzaji alisema kitambulisho cha NIDA kinatosha "kwa sababu ni Afrika Mashariki", wakati Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Iko nasi katika SADC, na Mtanzania haombi viza kwenda huko, lakini pasipoti lazima awe nayo. Tena tangazo linaahidi kwamba tarehe 14 Oktoba tutaloweshwa na manyunyu kama mvua ya masika. Zambezi hujaa kuanzia Februari hadi Mei, na Oktoba ni mwezi ambao maji yamepungua sana, hasa upande wa Zambia, ambako sehemu kubwa ya ukuta ule wenye upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108 hubaki mwamba mkavu. Na picha yenyewe si ya huko. Mjukuu wangu aliikuza kwenye simu, tukaona chini ya maporomoko boti kubwa ya watalii waliovaa makoti ya mvua ya bluu, na katika dakika moja alikuwa ameipata picha ileile ikiwa imeandikwa Niagara, Marekani. Sisi watu wa ziwani, tunaojua boti tangu utotoni, hatukujiuliza boti kubwa kama ile ingefikaje kwenye korongo jembamba la Zambezi.

Sasa nije kwenye malipo, kwa kuwa hapo ndipo aibu yangu ilipo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani katikati ya mji, na ndani kulikuwa na meza, printa, kalenda ya mwaka uliopita na ndege ya plastiki juu ya kijiti. Leseni ya biashara haikuwepo ukutani. Nilipoomba risiti ya EFD niliambiwa mashine iko kwa fundi, nikaandikiwa risiti ya kitabu, kile kinachouzwa kwenye maduka yote ya vifaa vya ofisi, ikagongwa muhuri ambao wino wake ulinipaka kidoleni. Kisha nikapewa lipa namba. Anayezitumia anajua kwamba kabla ya kuweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mfanyabiashara unayemlipa. Jina lililokuja kwenye simu yangu lilikuwa la duka la vipuri vya pikipiki. Nililisoma. Nilimwangalia yule kijana, naye akasema bila kuulizwa: "Ni akaunti ya mshirika wetu, mzee, ya kwetu inasubiri kufunguliwa." Nikaweka namba ya siri. Siku tatu baadaye nikaja tena na malipo ya wenzangu waliobaki, nikaweka namba ya siri mara ya pili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwezi Agosti tulidaiwa shilingi 60,000 kila mmoja kwa ajili ya "kibali cha kutua", ndiyo siku ile Mwalimu alipotoka na rula. Tulipokataa, simu ikawa inapokelewa mara moja kwa nne, kisha ikazimwa kabisa. Tulipokwenda ofisini tulimkuta mlinzi wa jengo, naye akatuambia kwamba hata mwenye nyumba anawatafuta kwa kodi ya miezi miwili. Kampuni ya simu ilitueleza kwamba fedha ilikuwa imeshatolewa yote. Polisi walitupa RB na kutuagiza tulete risiti zote na ujumbe wote wa malipo. Bahati nzuri sikuwa nimefuta hata mmoja, nawe usifute.

Ukiletewa tangazo la namna hii, kabla hujatoa hata shilingi elfu kumi, omba kuona leseni ya wakala wa utalii inayotolewa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na jina lililoandikwa humo lifanane na jina la lipa namba. Uliza ndege ni ya kampuni gani, kisha ipigie kampuni hiyo mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta wewe na si ile uliyopewa. Ndege za kukodi hapa nchini zinaendeshwa kwa leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na mwenye leseni halali hawezi kuona haya kuulizwa. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki ambayo unaweza kuikagua kwenye tovuti ya TRA hapohapo ukiwa umesimama mbele ya meza yake. Namba ya simu ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa hizo. Kwa anayetamani kweli kuyaona maporomoko yale, njia ipo, ila ni ya siku kadhaa: Mwanza hadi Dar es Salaam, Dar es Salaam hadi Lusaka, na kutoka Lusaka hadi Livingstone kwa ndege nyingine au kwa basi. Sisi wenyewe bado tunatamani, na Mwalimu amekwisha kuandika ratiba.

Tangazo jipya, nililoletewa Jumapili, limeongeza safari ya Ngorongoro kwa siku moja. Hilo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu Ngorongoro si mbali na ndege kweli zinatua viwanja vya jirani kama Manyara. Kwa hiyo uongo wake hauonekani kwa rula. Lakini nalo linasema wageni watakula chakula cha jioni chini kabisa, ndani ya kreta, wakati magari yote ya wageni hutakiwa kuwa yamepanda kutoka humo kabla ya giza.

Mwisho nina ombi. Risiti zetu za siku ya kwanza, Jumanne, ni namba 031 hadi 038. Zile za Ijumaa ya wiki hiyohiyo ni namba 053 hadi 058. Risiti kumi na nne za katikati si zetu. Wewe uliye nayo mojawapo, yenye muhuri wa bluu uliofifia upande wa kulia, ipeleke Kituo Kikuu cha Polisi Mwanza pamoja na ujumbe wako wa malipo, hata kama bado unaambiwa kwamba ndege yako inakuja.