Mtumba Nairobi: uanzie wapi ukitaka kuvaa kivyako

Kama shida yako ni jinzi nzuri na raba safi, ingia kibanda chochote cha mjini, utatoka nazo. Mwongozo huu ni wa anayependa kuchanganya: blazer ya mzee yenye mabega mapana juu ya sketi ya marinda, leso ya Mombasa shingoni, viatu vya kamba vya kiume. Nimepanga sehemu za kununua kwa lengo hilo tu. Ukitaka kitu kingine, mpangilio huu utakupoteza.

1. Soko la Gikomba, mezani, baada ya kamera

Belo, yaani furushi la mitumba, likifunguliwa alfajiri, wa kwanza kulishika ni wafanyabiashara wengine: wenye vibanda na wauzaji wa Instagram. Wanaondoka na kamera, yaani zile safi kabisa. Wengi hudhani kilichobaki ni takataka. Hapo ndipo pa kupigia hesabu. Mchagua kamera ananunua kitakachouzika wiki hii, kile ambacho wasichana wote wa chuo wanakitafuta. Kizibao cha sufu chenye vifungo vya mbao hakimhusu. Wala shati la hariri lenye maua ya ajabu. Vinabaki mezani, na kadiri jua linavyopanda ndivyo bei inavyoshuka.

Basi usijitese kuamka saa kumi. Fika saa nne, na noti ndogondogo mfukoni. Nguo ikikuvutia, iinue uelekee mwanga: kitambaa kilicholika huonekana kama chandarua. Geuza kola uone mkunjo wake wa ndani, kisha makwapa, kisha mshono wa katikati ya miguu. Zipu ifungue na kuifunga yote. Muuzaji atasema, "Mrembo, ongeza kidogo, hii ni ya UK." Inaweza kuwa kweli, na belo za Uingereza kwa kawaida ndizo zenye makoti na blazer nzito, lakini tundu la nondo halijali limetoka nchi gani.

Fagia, yale mabaki ya mwisho kabisa, ipitie ukitafuta vifungo na vitambaa vya kukata. Usitegemee kuvaa.

2. Toi

Soko hili la upande wa Adams Arcade, Ngong Road, lina bei ya juu kidogo na msukumano mdogo. Faida yake kubwa ni wauzaji wanaoshika aina moja: huyu makoti, yule mikoba, mwingine mashati ya wanaume tu. Mzoee mmoja, umwambie wazi vituko unavyovipenda. Akikuelewa, atakuwekea pembeni vitu ambavyo wateja wengine wanavirudisha mezani. Viatu nunua hapa, maana unaweza kukaa ukavijaribu kwa utulivu.

3. Instagram na TikTok

Panafaa kwa mwenye saizi adimu. Omba vipimo vya bega, kifua na urefu kwa inchi, maana namba ya kwenye lebo haina maana nguo zikitoka nchi tofauti. Kasoro ni kwamba unalipia jicho la mtu mwingine, na wauzaji wengi wana jicho lile lile.

4. Vibanda vya mjini

Nguo imefuliwa, imepigwa pasi, imetundikwa. Bei yake ni ya hivyo vitatu.

5. Belo lako mwenyewe, mgawane na marafiki

Hapana. La kawaida ni kilo 45, unalinunua likiwa limefungwa, na ndani ni aina moja: mtapata blauzi, blauzi, blauzi.

Popote ununuapo, tenga pesa za fundi, hata kama zitazidi bei ya nguo. Mchanganyiko wa vitu visivyohusiana hupendeza vikikaa mwilini. Visipokaa, utaonekana umeazima. Kiuno, mikono na urefu hupunguzwa bila taabu. Mabega ya blazer yaache, kazi yake ni kubwa na wachache wanaiweza, kwa hiyo chagua blazer kwa mabega na usijali mikono mirefu. Suruali fupi ichunguze pindo: kukiwa na kitambaa kilichokunjwa ndani, itaongezeka. Na ifue kabla ya kuipeleka, maana pamba ikirudi baada ya fundi kukata, umekwisha.