Koili iwe ya tano: mwongozo wa kununua spea za gari kuukuu lenye moto hafifu

Julai iliyopita, asubuhi ya baridi ile ya Nairobi inayoganda vidole, Corolla KE70 yangu ilipigwa stata mara tano ikakohoa tu. Fundi wa mtaani akachomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige tena. Cheche ikatoka, lakini ya rangi ya chungwa, nyembamba kama uzi. Cheche nzima huwa ya samawati, nene, na unaisikia ikilia "ta, ta, ta."

"Mzee, hiyo ni koili imechoka," akasema, yaani kile kifaa kinachokuza volti za betri hadi cheche iruke.

Nikashuka Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, nikarudi na koili mpya inayong'aa. Cheche ikabaki ya chungwa vilevile. Kosa lilikuwa kwenye kondensa, kidude cha kuhifadhi chaji kisichozidi kidole gumba.

Kwa hiyo orodha hii naipanga kwa swali moja: shilingi yako ya kwanza iende wapi? Bei siandiki, maana pale Grogan hubadilika kutoka mlango mmoja hadi wa pili, na tena broka akikushika mkono barabarani.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Pima betri. Iliyolala usiku kucha ikiwa nzima husoma karibu volti 12.6. Mtu apige stata huku ukiangalia multimita: ikizama chini ya volti 9 na nusu, koili inanyimwa chakula na hakuna spea ya moto itakayokusaidia. Halafu fungua vichwa vya betri, mwagia maji ya moto ule unga mweupe, piga msasa hadi chuma king'ae. Fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye injini na bodi, nako usugue. Magari mengi niliyoona yakipelekwa kununuliwa koili yalihitaji msasa tu.

Tahadhari moja: moto wa plagi ni volti elfu 20 na zaidi. Shika waya kwa koleo lenye mpini wa plastiki, na usifanye jaribio hili penye petroli iliyomwagika. Kama gari lako lina moto wa elektroniki, usichomoe nyaya za plagi injini ikiunguruma. Igniter, kile kifaa kinachokata na kuunga umeme wa koili, inaweza kufa papo hapo.

Namba moja: plagi

Ni rahisi, huchakaa kwa kawaida, na hukueleza habari za injini bila malipo. Zikitoka na rangi ya kahawia au kijivu, injini iko sawa. Nyeusi na kavu kama masizi, kabureta inamwaga petroli nyingi. Zikiwa zimelowa oili, tatizo liko kwenye ringi au sili za valvu, na plagi mpya zitachafuka tena upesi.

Soma namba yake kabla ya kulipa. Kwenye plagi za NGK, herufi R ni resista, tarakimu ni kiwango cha joto (kubwa ndiyo baridi zaidi), na "-11" mwishoni ni nafasi ya milimita 1.1 kati ya ncha zake. Gari la pointi, yaani lile la zamani lenye swichi ndogo ya chuma inayokata na kuunga umeme wa koili, kwa kawaida linataka karibu milimita 0.8. Ukilivisha plagi za 1.1 bila kurekebisha nafasi, unaiambia cheche dhaifu iruke mtaro mpana zaidi, kisha unalaumu koili.

Feki zipo, na boksi zuri si ushahidi. Zungusha ile washa, pete ya chuma kwenye nyuzi: ya kweli haitoki kwa urahisi. Tazama ncha ya kati na mkono wa juu yake, vinapaswa kulingana sawasawa. Plagi yenye R ukiipima kutoka kichwa hadi ncha husoma karibu ohmu 5,000. Ikisoma sifuri, mrudishie mwenyewe.

Iridiamu? Kwa gari la pointi, mimi sinunui. Ni kweli inahitaji volti kidogo kuruka, lakini ndiyo shida yenyewe: itakuficha ugonjwa mwezi mmoja au miwili, kisha utakukuta jamu ya Thika Road usiku wa mvua.

Namba mbili: pointi na kondensa, pamoja

Ukinunua moja, nunua na nyingine. Kondensa ikifa, pointi huungua na kuota kijiti upande mmoja na shimo upande wa pili, na cheche hugeuka ya chungwa kama yangu. Fundi akikusugulia pointi kwa tupa bila kubadilisha kondensa, amekununulia wiki moja. Weka nafasi ya pointi kwa fila geji, vile vibao vyembamba vya kupimia. Kwenye Toyota za zamani ni milimita 0.45. Paka tone la grisi kwenye kamu inayozifungua, lakini isiguse nyuso za pointi.

Hapa ndipo ninapolipa zaidi bila kubishana. Kondensa ya bei ya kutupa ni bahati nasibu, na haionekani kwa macho. Mara nyingi ile ya zamani iliyotoka Japani, ikiwa bado hai, inaizidi.

Namba tatu: nyaya za plagi

Subiri giza, fungua boneti, washa injini. Ukiona nyaya zinacheza vimulimuli kama sherehe, moto unavuja kabla ya kufika. Mvua za Machi hadi Mei hufichua hili hata bila giza. Kwa multimita, Toyota hukubali hadi ohmu 25,000 kwa waya mmoja. Ukizidi hapo, tupa. Nunua seti nzima. Nyaya za shaba tupu zisizo na resista ni ngumu kuharibika, ila redio yako itaanza kukoroma.

Namba nne: kofia na rota

Geuza kofia, ule mfuniko wa distributa inayogawa moto kwa kila plagi, utazame ndani. Mstari mweusi kama unywele kati ya guzo moja na lingine ni njia ambayo moto umejichongea; kuufuta hakusaidii. Nunua kofia, nunua rota, ile sehemu inayozunguka chini yake, funga.

Namba tano: koili

Koili hufa, sikatai. Dalili yake ya kweli ni gari linalowaka vizuri asubuhi, kisha likipata joto kwenye foleni ya Globe linamisi na kuzima, likipoa linawaka tena. Ukigusa koili wakati huo, haishikiki.

Kosa la kununua hapa ni kubwa kuliko la kutonunua. Koili za magari ya pointi ni za aina mbili. Moja ina ohmu 3 hivi upande wa msingi (kati ya chanya na hasi) na hupokea volti 12 moja kwa moja. Nyingine ina ohmu 1.5 na hufanya kazi na resista ya nje, kile kipande cheupe cha udongo kilichofungwa kando yake. Ukiweka ya ohmu 3 kwenye gari lenye resista, cheche inakuwa hafifu na utadhani umeuziwa mbovu. Ukiweka ya ohmu 1.5 pasipo na resista, pointi zinaungua na koili inachemka. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa, mkubwa," toa multimita yako upime kwenye kaunta. Akikataa, mlango wa pili uko karibu.

Wakati wa kufunga, chanya na hasi zisibadilishwe. Injini itawaka hata zikipinduliwa, ila cheche itahitaji volti zaidi kuruka.

Namba sita: kifaa cha elektroniki badala ya pointi

Hukaa ndani ya distributa ileile na kukuondolea kazi ya fila geji. Pertronix ya Marekani ndiyo jina utakalolisikia, na mara nyingi utaagiza na kusubiri. Nzuri kwa anayesafiri mbali. Ila hakikisha koili yako inafaa nacho, na usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezima. Tena, pointi zikikuishia Naivasha, fundi yeyote atakukwamua. Kifaa hiki kikifa, utavutwa.

Namba saba: distributa nzima ya mtumba

Nunua pale tu shafti ya ile yako imelegea. Ishike juu uitikise kando kwa kando. Ikicheza, nafasi ya pointi haitatulia kamwe. Fanya jaribio hilohilo kwa ile unayouziwa kabla ya kulipa, kwa sababu kibao cha "bidhaa za umeme hazirudishwi" kitakuwa ukutani, na kitaheshimiwa. Beba distributa yako ya zamani mkononi, msilinganishe kwa maneno.

Koili niliyonunua bure iko kwenye buti, imefungwa gazeti. Ina ohmu 3 kamili. Fundi yule hajui, na kila akifungua boneti huangalia ile ya zamani na kutikisa kichwa.